Hereni za shaba kwa mtindo wa Calder: uzoefu wangu

Hereni hizi nilizinunua kwa shilingi 90,000 kwa fundi mmoja wa vito hapa Kampala, ambaye tangu mwanzo alinieleza waziwazi kwamba amezifua mwenyewe kwa kufuata mtindo wa Alexander Calder, na kwenye risiti akaandika hivyo hivyo. Uwazi huo ndio ulionishawishi kununua, kwa sababu niliwahi kuuziwa bangili iliyosifiwa kuwa ya msanii mashuhuri bila ushahidi wowote.

Calder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1976, anajulikana zaidi kwa sanamu zake zinazoning'inia na kuzungushwa na upepo, lakini pia alitengeneza vito vipatavyo 1,800, vingi vikiwa zawadi kwa mkewe Louisa na marafiki. Alianza utotoni, akiwapambia wanasesere wa dada yake kwa vipande vya waya wa shaba alivyookota barabarani, jambo lililonigusa sana, maana watoto wetu nao huokota waya wakaunda magari na baiskeli. Ukubwani aliendelea kufua waya kwa nyundo, na alipenda kuunganisha vipande kwa kuvikunja au kwa ribiti (vijisumari vya kubania) kuliko kuvilehemu.

Fundi wangu ameuheshimu utaratibu huo. Kila hereni ni waya mmoja wa shaba ya manjano uliozungushwa kama konokono, ukapondwa hadi ukawa bapa, na ukiuelekeza kwenye mwanga unaziona alama za nyundo moja baada ya nyingine, zikikaribiana zaidi kuelekea katikati ambako mzunguko unabana. Hereni ya kulia imejikunja kwa upana zaidi kuliko ya kushoto. Sikuliona hilo kuwa dosari, kwani hata Peggy Guggenheim, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, alipofungua jumba lake la sanaa New York mwaka 1942, alivaa hereni moja ya Calder na nyingine ya mchoraji Yves Tanguy.

Nilizivaa mara ya kwanza kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya mdogo wangu huko Masaka, tangu asubuhi hadi jioni, na masikio hayakulemewa hata kidogo. Tatizo lilikuwa urefu. Mabega ya gomesi, lile vazi refu la sherehe la wanawake wa Uganda, kama tujuavyo, yamesimama kwa ncha, na kila nilipogeuka kuwasalimu wageni hereni iligonga bega, na mara mbili ncha ya waya ikanasa kwenye kitambaa. Kwa blauzi ya kawaida shida hiyo haipo. Lakini anayenunua kwa ajili ya gomesi aombe zipunguzwe kwa kiasi cha sentimita mbili.

Lililonikera zaidi lilikuja siku iliyofuata, masikio yalipoanza kuwasha na kuvimba. Shaba yenyewe haikugusa tundu la sikio, hivyo nilishuku vile vikulabu vya kutundikia, ambavyo vilikuwa vya madini mengine ya bei rahisi. Nilipozirudisha, fundi alivitazama kwa muda, kisha akasema, "Nyabo, hivi nilivinunua tayari, sikuvitengeneza mimi. Nisamehe." Akavikata kwa koleo nikiwa nimesimama pale pale, akakunja vingine kwa waya wa fedha ya 925 (yenye fedha halisi asilimia 92.5), akasugua ncha zake kwa msasa mpaka zikawa laini, na hakunidai hata shilingi. Kwa kuwa hakukuwa na lehemu ya kuyeyusha, kazi yote haikufika nusu saa.

Ni miezi minne sasa, na muwasho haujarudi. Shaba hufifia kwa jasho, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi nazisugua kwa limau na chumvi kidogo, nazisuuza, kisha nazikausha vizuri. Mkufu wa aina hiyo hiyo nimekwisha kuuagiza, na safari hii nimemwomba fundi kifungo cha nyuma akifue mwenyewe.