Kamba za hanesi za kurekebisha: nimemaliza jozi mbili, ya tatu bado inadunda

Jozi ya kwanza ilinikatikia nikiwa kwenye ubao wa tanga (windsurfing), mwezi wa nane, kusi imekolea na maji yamejaa. Nilikuwa nimejilaza nyuma kwa uzito wangu wote, mikono imelegea kabisa, nikasikia "tap!" Kilichofuata ni mgongo kupiga maji na tanga kuniangukia kichwani. Sikuumia. Lakini iliyokatika ni kamba ya upande wa kurudia nyumbani, kwa hiyo nikarudi nimeishikilia bumu kwa viganja tu, nusu saa na ushei. Aliyewahi kusafiri na ubao wa tanga siku ya upepo anaijua adhabu hiyo. Jioni nilishindwa hata kumenya ndizi.

Kwa asiyeujua mchezo: bumu ninayoisema si ile pesa ya mkopo ya wanafunzi wa chuo. Ni fito mbili zilizopinda, moja kila upande wa tanga, ndizo unazozishika. Kila fito inafungwa kamba fupi inayoning'inia kama bembea. Wewe kiunoni umevaa hanesi, mkanda mpana wenye kulabu ya chuma mbele. Ukinasa kulabu kwenye kamba, mvuto wa tanga unahama mikononi unakuja mwilini, na unaweza kukaa majini mchana kutwa. Kamba ni kifaa kidogo kuliko vyote na ndicho kinachokubeba.

Mimi nipo Jambiani, nafundisha kwenye kituo cha michezo ya majini. Wageni wengi siku hizi wanataka kaiti (ubao unaovutwa na tiara), mbao za tanga tunazo chache, kwa hiyo bumu moja kwa siku inapita mikononi mwa watu wanne watano. Asubuhi Mjerumani mrefu kama mnazi, mchana dada mfupi anayejifunza, alasiri mimi mwenyewe. Mmoja anavaa hanesi ya kiunoni, kulabu iko juu, anataka kamba fupi. Mwingine anavaa ile ya kukalia, kulabu iko chini, anataka ndefu. Kamba hizi hupimwa kwa inchi: 24 ni fupi (kama sentimita 61), 28 na 30 ndizo za watu wengi, 34 ni za wenye mikono mirefu. Bila kamba za kurekebisha ningekuwa nafungua na kufunga kila saa. Unavuta ncha, inafupika. Unafinya kibanio, inarefuka. Hata ukiwa majini unaweza, ukishazoea.

Basi ile iliyokatika nikaileta nyumbani kumwonyesha ami, yeye ni mvuvi wa ngalawa. Nikawa namwonyesha pale katikati, panaposuguana na kulabu. Akaigeuza, akaikunja mara moja, akanirudishia.

"Hapa unapotazama pazima, mwanangu. Imeliwa huku."

Kweli. Kamba hizi huvishwa bomba la plastiki laini ili zisisokotane na zisiliwe na kulabu. Katikati, chini ya bomba, nyuzi zilikuwa mpya kabisa. Ilipokatikia ni mdomoni mwa bomba, inapotokea kamba kwenda kwenye mkanda wa bumu. Pale panapinda kila unaponasa na kunasua, mchanga umeingia ndani, jua nalo linapiga moja kwa moja. Nilipoikung'uta ilitoa mchanga wa kujaza kijiko. Tangu siku ile nikishika kamba mpya mkononi natazama mdomo wa bomba kwanza. Ukiwa mwembamba na una ukingo mkali, naiacha.

Jozi ya pili niliagiza kwa mgeni, huku kwetu madukani hazipo. Tangazo lilisifia kamba ya Dyneema, aina ya uzi wa plastiki, na sifa ni za kweli: ni nyembamba, haivutiki, nguvu zake za ajabu. Tatizo ni utelezi. Dyneema iliyo uchi inateleza kama pweza, na kibanio chake kilikuwa cha plastiki chenye meno madogo madogo. Mwezi wa kwanza raha tupu. Wa pili, kila upepo ukija kwa kishindo, kamba inatoka nusu inchi. Unaanza na 28, unamaliza na 30 upande mmoja, upande wa pili bado 28. Ukielekea kusini ubao unakwenda vizuri, ukigeuka unahisi mtu mwingine kakukalia. Niliwalaumu wanafunzi wangu wawili bure kabla sijachukua futikamba. Nikaosha chumvi, nikasugua meno kwa mswaki, ikashika siku tatu. Velkro ya kuifungia kwenye bumu nayo ilishajaa mchanga, haishiki. Kamba yenyewe mpaka leo haina mkwaruzo, nimefungia ngazi.

Kwa hiyo neno "imara" kwenye tangazo halinishtui tena. Nauliza kibanio kimeshika nini, na kimeshikaje.

Hii ya tatu, niliyo nayo sasa, iko kwenye msimu wake wa tatu wa kusi, na kaskazi mbili katikati. Kamba ni nene, milimita 5, ina moyo mgumu na ganda la poliesta lenye ukakasi, kibanio kinaling'ata vizuri. Bomba ni zito, mdomo wake umetanuliwa kidogo. Na kitu nilichokipenda kuliko vyote: imefungwa kwa fundo, haikushonwa. Msimu uliopita ganda lilipoanza kutoa manyoya nikaifungua, nikanunua kamba ya poliesta ya unene uleule duka la vifaa vya boti mjini, nikaifunga upya. Gharama ilikuwa nauli na kamba. Iliyoshonwa ikichakaa ni ya kutupa.

Ila ina kero zake. Upepo ukiwa mdogo, wakati wa maleleji, kile kibanio kizito kinafanya kamba ibembee hovyo na kukugonga vidole. Kubwa zaidi ni ule mkia unaobaki ukifupisha. Siku moja nilianguka, mkia ukajizungusha kwenye kulabu, nikawa nimefungwa kwenye bumu na tanga liko juu yangu. Sekunde chache tu, lakini chini ya tanga sekunde ni ndefu. Sasa mkia nauacha urefu wa vidole vitatu, uliobaki naukunja na kuufunga kwenye mkanda kwa taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani. Mama anazo furushi zima.

Kama bumu ni yako peke yako, usinunue hizi. Jozi ya urefu mmoja ni rahisi zaidi, nyepesi, na haina cha kuharibika. Kupima urefu wako, weka kiwiko ndani ya kamba iliyofungwa kwenye bumu, simamisha mkono: kiganja kikiifikia fito, uko karibu na kipimo chako. Za kurekebisha ni za watu kama sisi, au wewe na mkeo mnaopokezana ubao mmoja.

Halafu ikague kulabu yako. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kipitishe taratibu kwenye mkunjo wa kulabu. Kikinasa uzi, chuma kina kijino, na hicho kitakula bomba la kamba yoyote ile, ya bei yoyote. Msasa laini dakika mbili unatosha. Hanesi moja ya kituoni ilinilia bomba kwa wiki tatu kabla sijajua.

Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini. Usiziache kwenye bumu ufukweni usiku na mchana, mimi niliacha na bomba la upande wa jua limeshapauka na kukakamaa. Nimemwandikia mgeni anayekuja Disemba aniletee mabomba mapya, na safari hii nimeandika kipimo kwa inchi na kwa sentimita. Wa mwisho niliyemwambia "thelathini" aliniletea kipande cha sentimita 30, kimefungwa vizuri kabisa na utepe.