Baraza letu la zege lenye rangi na baridi ya Minnesota: uzoefu wangu na sila ya kunyonywa

Nimesubiri majira matatu ya baridi yapite kabla ya kuandika. Sila ya zege, yaani ile dawa ya kuzuia maji, mwezi wa Juni kila moja ni nzuri. Ingoje Machi ndipo uiseme.

Tunakaa kaskazini ya Minneapolis. Nyuma ya nyumba kuna baraza la zege la futi za mraba 420 hivi, na njia yenye ngazi tatu inayozunguka hadi mlango wa mbele. Mwenye nyumba aliyetutangulia alilitia rangi ya asidi. Si rangi ya kufunika kama ya ukutani. Ni chumvi za madini zinazoshikana na chokaa iliyomo kwenye saruji, zege lenyewe likageuka rangi. Letu lilitoka kahawia lenye mawimbi mekundu. Mama yangu alipoliona mara ya kwanza alisimama akasema, "Mwanangu, hii si sakafu yetu ya Moshi?" Nyumbani tulikuwa na ile sakafu ya saruji nyekundu, ya kupigwa polishi kila Jumamosi mpaka magoti yanakuwa mekundu. Sasa ana miaka 74, hulipita baraza hili kila Jumapili akienda kanisani, na jioni za kiangazi hukaa hapo akichambua mboga. Ndiyo maana nimehangaika nalo hivi.

Mwenye rangi ya asidi katika nchi ya baridi lazima ajue jambo moja: rangi ile haizami sana. Imekaa kwenye ngozi ya juu ya zege. Ngozi ikibanduka, chini yake unakuta kijivu, na kuipata tena rangi inayolingana na ile iliyobaki karibu haiwezekani. Ukuta ukichubuka unapaka upya. Hapa ukipoteza ngozi umepoteza rangi.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilimwita fundi wa kampuni moja, sitaitaja, akapaka sila ya akriliki ya kung'aa. Ilipendeza mno, ile rangi ikakolea kama imemwagiwa mafuta. Lakini alipaka mwishoni mwa Oktoba, siku mbili tu baada ya mvua, na usiku ule kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 3. Akriliki nyingi zinataka angalau nyuzi 10 na zege kavu, na maelezo hayo yalikuwa yameandikwa kwenye ndoo aliyoiacha. Niliyasoma Februari.

Februari hiyohiyo niliona doa jeupe kwenye ngazi ya pili, ukubwa wa kiganja. Nilipiga magoti nikalipitishia ukucha. Likanyanyuka kama gamba la samaki, jembamba, na upande wa chini lilikuwa na chembe za kahawia zimeng'ang'ania. Ile ilikuwa rangi yetu, inatoka na sila. Kufika Aprili nilihesabu mabaka kumi na moja.

Akriliki ni utando juu ya zege. Zege nalo lina vinyweleo, na maji hayaingii kwa juu peke yake, hupanda pia kutoka ardhini. Yakifika chini ya utando yanakosa pa kutokea. Usiku yanaganda, na maji yakiganda huvimba karibu asilimia 9. Hapo lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni ile ngozi ya juu. Watu hudhani Januari ndiyo mbaya kwa kuwa inafika nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa zege, Machi ni mbaya zaidi: mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda, kesho tena, wiki nzima.

Kulikuwa na jambo lingine lililoniuma kuliko rangi. Ule mng'ao ukipata umande wa barafu unateleza vibaya. Mama aliteleza kwenye ngazi ya juu, akashika nguzo, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja mpaka nikamfikia. Hakuumia. Siku ile niliamua sitaki kung'aa tena katika baraza hilo.

Fundi nilipompigia alisema kosa ni chumvi niliyokuwa namwaga kuyeyusha barafu. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, nitafika huko.

Nilichonunua mwaka uliofuata ni sila ya kunyonywa, yenye asilimia 40 ya silani, kemikali inayolifanya zege likatae maji, jamii ya ile ambayo idara za barabara hupulizia madaraja ya zege. Chembe zake ni ndogo, zinazama ndani ya vinyweleo na kushikana na zege lenyewe, na hakuna utando unaobaki juu. Maji yanakataliwa kuingia, lakini mvuke wa ndani unaruhusiwa kutoka. Ndoo ya galoni 5 ilinigharimu karibu dola 240, na nilitumia kama galoni 3 na nusu.

Kazi ngumu haikuwa kupaka, ilikuwa kuvua. Silani haiingii mahali penye akriliki, kwa hiyo ile ya zamani lazima iondoke yote. Nilipaka dawa ya kuvua sila, nikaacha ifanye kazi, nikasugua kwa brashi ya nailoni, nikakwangua ule uji kwa kikwangulio cha plastiki. Jumamosi mbili zilikwenda hapo. Usishawishike kutumia asidi wala brashi ya waya. Vitakula rangi uliyotaka kuiokoa. Mashine ya maji ya kasi nayo iende taratibu, bomba lake lisisogezwe karibu na sakafu.

Kisha nikapima ukavu. Unachukua kipande cha nailoni angavu, inchi 18 kwa 18, unakibandika kwa utepe wa gundi pande zote nne, unakiacha mpaka kesho yake. Mara ya kwanza nilikuta matone ndani ya nailoni na zege limekuwa jeusi, ingawa kwa macho na kwa mkono lilikuwa kavu kabisa. Nikasubiri siku nne zaidi. Mara ya pili nailoni ilikuwa safi. Kipimo hiki hakigharimu hata dola moja, na naamini kingeniokolea msimu mzima wa hasara.

Siku ya kupaka ilikuwa Agosti, asubuhi, nyuzi 20, hakuna upepo. Nilitumia bomba la kupulizia dawa, lilelile aina wanalotumia wakulima wa nyanya, kwa presha ndogo. Unalilowesha zege mpaka lionekane limeshiba, unarudia kabla halijakauka, na penye dimbwi unasambaza kwa rola. Funika vioo na maua, vaa glavu na barakoa ya kuzuia mvuke, maana harufu yake si ya mchezo. Mama alikwenda kwa dada yangu siku mbili.

Kwa macho utasikitika kidogo mwanzoni. Silani haikolezi rangi. Baraza letu lilirudi kuwa kahawia kavu, la vumbivumbi, na mke wangu aliuliza kama kweli nimepaka kitu. Nikamwagia kikombe cha maji. Yakajikusanya matone ya duara yanayokimbia, kama maji juu ya jani la mgomba. Anayetaka sakafu ya kumeremeta kwenye picha, bidhaa hii haitamridhisha. Haizuii vizuri mafuta pia. Doa la mafuta ya nyama choma tulilolipata kiangazi kilichofuata bado lipo. Kwa hayo mawili naipa nyota nne badala ya tano.

Baada ya majira matatu ya baridi hakuna gamba hata moja jipya. Yale mabaka kumi na moja yapo, kijivu chao kilekile, sikuyagusa.

Narudi kwenye chumvi. Mwaka ule wa kwanza niliimwaga kama mtu anayelisha kuku. Chumvi ya kawaida nguvu yake inakwisha kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo siku za baridi kali nilikuwa naongeza kitu kisichofanya kazi. Siku za baridi ya wastani inayeyusha barafu, yale maji ya chumvi yanazama ndani ya zege, halafu yanaganda humo humo. Kloridi ya kalsiamu inafanya kazi hata kwenye baridi kali zaidi, lakini ikizidi inashambulia chokaa ya saruji. Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, alinipa mfuko wa mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, akisema inayeyusha barafu. Inayeyusha kweli, na inalila zege. Mbolea za amonia, iwe salfeti au naitreti, zisikanyage kabisa kwenye baraza lako.

Siku hizi natumia mchanga mkavu kwa ajili ya kukanyagia, na koleo la plastiki, natoka mapema kabla theluji haijashindiliwa na miguu. Ikibidi sana, ngazi pekee zinapata chumvi kidogo, na nikimaliza naifagia. Wakala wa mazingira wa jimbo hili, Minnesota Pollution Control Agency, hutukumbusha kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na haiondoki humo. Sisi tunakaa umbali wa kutembea kwa miguu hadi ziwani. Jamvi la mpira nimeliweka ndani ya mlango, siyo juu ya zege, kwa sababu huko nje linafungia unyevu na chumvi ya viatu chini yake. Aprili, siku ya kwanza bomba la nje likifunguliwa, naosha baraza zima kwa maji mengi na sabuni ya kawaida.

Wiki iliyopita nilirudia kipimo cha kikombe. Katikati ya baraza matone bado yanakimbia. Kwenye ngazi ya chini, ile inayokanyagwa kuliko zote, maji yalikaa dakika mbili kisha zege likaanza kuwa jeusi. Hapo imekwisha nguvu. Ile galoni na nusu iliyobaki ilikuwa imefunguliwa muda mrefu mno, sitaiamini. Nitanunua ndogo ya galoni 1, na Agosti hii nitapulizia ngazi peke yake.