Tyubu mpya za amplifaya yangu, na kopo la akiba: uzoefu wangu hapa Dodoma

Mara ya kwanza kuulizia tyubu kwenye maduka ya karibu na soko la Majengo, dada wa kaunta alinielekeza mtaa wa nyuma kwa wauza spea za baiskeli. Duka lililofuata wakanitolea taa ndefu ya darini. Sikuwalaumu. Ninayoitafuta mimi ni kichupa cha kioo chenye pini tisa chini, ambacho wazee wa redio za zamani walikiita valvu, na wengi wa rika langu hawajawahi kukiona kikiwaka.

Amplifaya yangu ni Fender Blues Junior iliyotumika, niliyoinunua Dar kwa mpiga gitaa mwenzangu. Wati 15, spika moja ya inchi 12. Ina tyubu tano: tatu ni 12AX7, zinazokuza sauti ya gitaa ikiwa bado dhaifu, na mbili ni EL84, zinazobeba kazi nzito ya kusukuma spika. Hizo mbili ndizo zinazochakaa. Zile tatu, mwaka wa sita huu, sijabadilisha hata moja.

Uchakavu wenyewe unakuja kimyakimya. Kwangu ulianzia kwenye besi: uzi wa sita ukawa unasikika kama umefunikwa blanketi. Kila Jumapili kanisani nikawa naongeza volyumu kidogo bila kujijua, mpaka mpiga kinanda wetu akaniuliza, "Kaka, siku hizi mbona unapiga kwa hasira?" Kisha jioni moja tukiwa mazoezini Nkuhungu, chumba kina giza, nikachungulia nyuma. Tyubu isiyo na hitilafu inatakiwa kuonyesha uzi mdogo wa rangi ya machungwa katikati, basi. Moja ya zangu, bamba lake la nje lilikuwa jekundu kama kikaango kilichosahauliwa kwenye jiko la mkaa. Nikazima pale pale.

Fundi niliyempelekea aliigeuza mara mbili, akasema, "Braza, hapa transfoma imekwenda." Laki mbili na themanini, niiache wiki mbili. Hakuwa hata ameiwasha. Nilimshukuru, nikabeba mzigo wangu nikarudi nyumbani.

Jozi ya kwanza niliagiza Dar ikaja na basi. Boksi lilifika stendi ya Nzuguni limebonyea pembe moja, na nilipofungua nikajua habari kabla sijachomeka chochote. Juu ya kioo cha tyubu, kwa ndani, huwa kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. La tyubu moja lilikuwa limegeuka jeupe, kama mtu amepaka chokaa. Hiyo maana yake hewa imeingia, na tyubu iliyoingia hewa ni ya kutupa. Jozi ya pili alinibebea shemeji kwenye treni ya SGR, imefungwa kwenye kitenge, akaipakata kama mtoto mchanga mpaka Dodoma. Ni EL84 za JJ, zinatengenezwa Čadca kule Slovakia, nami nilizichagua kwa sababu muuzaji alikuwa nazo zikiwa zimepimwa na kulinganishwa mbili mbili. Pamoja na usumbufu wote zilinigharimu 130,000.

Kuzibadilisha kulinichukua muda mfupi kuliko kufungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Nilichomoa waya wa umeme ukutani (si kuzima swichi tu), nikasubiri nusu saa zipoe, nikavuta kila tyubu moja kwa moja kuelekea chini huku nikiitikisa kidogo kidogo. Soketi zilikuwa na vumbi letu lile jekundu. Nikalitoa kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Pini zina nafasi moja pana kuliko nyingine, ukiilinganisha na soketi haiwezi kukosea. Nilikuwa nimesoma kuhusu kurekebisha bayasi (kiasi cha umeme kinachopita kwenye tyubu gitaa likiwa kimya) nikaogopa, lakini modeli hii haikuwekewa kirekebishio. Ndiyo maana nikasisitiza jozi iliyolinganishwa. Upande wa nyaya sikuufungua kabisa. Kule kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zinaweza kuzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya. Alama za vidole kwenye kioo usizihofie, hizi si balbu za halojeni za gari.

Sauti? Besi imerudi, na ile sauti inayopasuka kidogo ukikwaruza kwa nguvu imerudi pia. Volyumu niliyokuwa nimeifikisha saba sasa inakaa nne na mama mchungaji ananitazama.

Kilichonisumbua zaidi ni umeme wenyewe. Nilipima na mita usiku wa manane nikakuta 252. Amplifaya ya 230 ikilishwa 252, ule uzi wa ndani unaotaka volti 6.3 unapata kama 6.9, kila usiku, na sidhani tyubu inadumu hivyo. Nikanunua stebilaiza. Ningeanza na hiyo.

Kuhusu akiba, kuna wanaokushauri uweke seti nzima ya tano. Kwa mapato ya mpiga gitaa wa harusi, naona ni hela iliyolala. Mimi naweka jozi moja ya EL84 na 12AX7 moja tu. Hiyo moja ni ya kutafutia mchawi pia: amplifaya ikianza kulia au kukwaruza, gonga taratibu kila tyubu ndogo kwa kalamu ya risasi, inayopiga kengele kwenye spika ndiyo yenyewe, unaibadilisha kwa ile ya akiba. Na usiweke akiba usiyoijaribu. Zangu kila moja niliipigia saa nzima, nikaandika tarehe kwenye boksi, nikazipanga ndani ya kopo la biskuti lenye vipande vya sponji ya godoro. Zikikaa humo haziozi, hata miaka kumi.

Nazipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu yangu mwenyewe. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Kongwa, maharusi ndiyo wanaingia, EL84 moja ikapiga shoti na amplifaya ikazimika kimya. Nilitabasamu, nikatoa kopo, nikabadilisha jozi kwa kitambaa kwa kuwa zilikuwa za moto, nikawasha. Kimya. Fyuzi ilikuwa imekatika, na kopo lilikuwa na kila kitu isipokuwa fyuzi. Nikachomeka gitaa kwenye miksa, likalia kama bati mpaka keki inakatwa. Sasa zimo tatu, za kipimo kile kile kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, zimefungwa kwa mpira kwenye kifuniko.