Kidonge cha TLD na ubongo: tathmini ya mtumiaji kutoka Mtwara

Mazungumzo juu ya dawa za kufubaza virusi kwenye mabenchi ya kliniki zetu huishia kwenye unene, usingizi, na majibu ya wingi wa virusi katika damu. Mimi nataka kukipima kidonge hiki kwa jambo ambalo sijasikia likiulizwa kwenye dirisha la dawa hata siku moja, nalo ni kama kinatibu maambukizi ya VVU yaliyomo ndani ya ubongo. Ninakitumia mwenyewe tangu nilipoachishwa mseto wa zamani wenye dawa ya efavirenzi, na pia humsindikiza kliniki mjomba wangu, mzaliwa wa Tandahimba anayeishi nami hapa Mtwara mjini, kwa hiyo nimekiona kikifanya kazi katika vichwa viwili tofauti. Hukumu yangu naitoa mapema: kidonge nakipa nyota nne kati ya tano, na huduma inayokizunguka naipa mbili.

Kwa asiyekifahamu, TLD ni dawa tatu katika kidonge kimoja: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Tanzania ilianza kukigawa mwaka 2019. Hutolewa bure, humezwa mara moja kwa siku, na hakina masharti ya kula au kutokula. Kasoro yake ya nje ni kopo. Vidonge 90 ndani ya kopo gumu la plastiki hulia kwa kila hatua unayopiga, na mtu anayetoka kliniki akapanda daladala ya Mikindani huona kana kwamba abiria wote wanautazama mkoba wake. Wengi huvifunga kwenye kipande cha khanga kabla hawajafika getini, jambo lisilofaa, kwa sababu vidonge hivi huharibiwa na unyevu, na unyevu wa pwani ya kusini hauna mzaha. Afadhali kuviacha humohumo ndani ya kopo.

Ubongo una habari yake peke yake kwa sababu virusi huuingia mapema, ndani ya wiki za mwanzo tangu mtu aambukizwe. Mishipa midogo ya damu inayoulisha ubongo imezungukwa na ukuta wa seli zilizobanana, unaochagua nini kipite na nini kibaki kwenye damu, na VVU huupita ukuta huo vikiwa ndani ya seli nyeupe zilizokwisha kuambukizwa, kama magendo yaliyofichwa chini ya magunia ya korosho. Vikishavuka, hukaa katika seli za ulinzi zinazoishi humo kwa miaka mingi, ambazo wataalamu huziita mikroglia, na katika makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, zilizo kandokando ya mishipa. Seli za neva, ambazo ndizo tunazokumbukia na kufikiria, haziambukizwi kwa kiasi cha maana. Huumizwa na protini zinazotoka kwenye virusi, na zaidi na uvimbe usiokoma unaochochewa na majirani zake walioambukizwa. Tatizo ni kwamba ukuta uleule ulioshindwa kuzizuia seli zenye virusi huzizuia dawa nyingi zisiingie kwa wingi.

Kwa sababu hiyo watafiti walitafuta namna ya kuzipanga dawa kwa uwezo wake wa kufika kichwani. Mtafiti wa Marekani Scott Letendre na wenzake walitoa mwaka 2008 mfumo wa alama, ukarekebishwa baadaye, na katika mfumo huo zidovudini na nevirapini, dawa ambazo wakongwe wa kliniki wanazikumbuka vizuri, ziko daraja la juu, ilhali tenofoviri iko chini kabisa na lamivudini haiko mbali nayo. Dolutegraviri ilipokuja iliwekwa juu. Ukikisoma kidonge chetu kwa alama hizo peke yake, utaona dawa moja hodari ikiwabeba wenzake wawili. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao pia Letendre aliusimamia, ulipima maji ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo pia yanayouzunguka ubongo, ya kikundi kidogo cha watu waliokuwa wameanza dolutegraviri pamoja na abakaviri na lamivudini, ukakuta dolutegraviri ipo humo kwa kiwango kinachozidi kile kinachohitajika kuvizuia virusi, na virusi vyenyewe vimeshuka katika maji hayo kama vilivyoshuka katika damu. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio jingine lililowapa baadhi ya wagonjwa mseto uliochaguliwa makusudi kwa kupenya ubongoni na wengine mseto wa kawaida. Washiriki walikuwa 49 tu na jaribio lilikatishwa kabla ya wakati, lakini lililoonekana ni kwamba waliopewa mseto wa kupenya hawakuwa na akili kali kuliko wenzao. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko jedwali lolote la alama. Dawa kufika ni jambo moja, na kumrudishia mtu kilichokwisha kuharibika ni jambo jingine kabisa.

Mafanikio yenyewe si madogo. Kabla ya miseto ya dawa tatu kuenea mwaka 1996, takriban asilimia 15 hadi 20 ya waliofikia hatua ya UKIMWI walipata upungufu mkubwa wa akili: mtu anasahau watoto wake, anatembea kwa kuyumba, anashindwa kufunga vifungo vya shati. Zidovudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilikuwa ya kwanza kuonyesha kwamba hali hiyo inaweza kupungua kwa dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliowapima zaidi ya watu 1,500 nchini Marekani, wengi wao wakiwa kwenye dawa, ulikuta ugonjwa huo mzito umebaki kwa asilimia 2 hivi. Nyota yangu ya tano imepotelea katika utafiti huohuo, kwani asilimia 52 ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa kiwango fulani, ingawa wengi wao wenyewe hawakuuona katika shughuli zao za kila siku. Wapo wataalamu wanaosema kipimo kilikuwa kikali mno, kwamba hata ukiwapima wasio na VVU baadhi yao watashindwa, nami nawaelewa. Mkalishe mzee wa Newala ambaye hakupata kushika kalamu mbele ya mtihani wa kupanga herufi na namba, utamwandika mgonjwa kabla hajapumua.

Lililo wazi ni kwamba wakati wa kuanza una maana kubwa. Ubongo wa mtu ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga katika damu, ziliwahi kushuka sana una hatari zaidi ya kubaki na kovu, hata akimeza dawa barabara kwa miaka. Dawa za bure zilipoanza nchini mwaka 2004, wengi walingojeshwa hadi CD4 ziwe chini ya 200, na mjomba ni wa kundi hilo. Mimi nilianza baada ya mwaka 2016, sera ilipobadilika kwamba kila aliyepimwa akakutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri. Kidonge chetu ni kimoja, kutoka dirisha moja, lakini kilikuta vichwa visivyofanana.

Hapo ndipo huduma inapopoteza nyota zake. Mjomba alianza kuruka tarehe za kliniki, kisha wingi wa virusi ukapanda. Katika kituo tulichokuwa tukienda aliandikwa mtoro, akapangiwa vikao vya ushauri wa ufuasi wa dawa, mwezi baada ya mwezi, vya mnasihi yuleyule mwenye maneno yaleyale: "Mzee, usisahau dawa." Akiitikia vizuri, akiahidi, akifika nyumbani hakumbuki kama alimeza au hakumeza. Hakuna aliyejiuliza kama kusahau kwenyewe ndio ugonjwa. VVU huweza kuharibu kumbukumbu, kumbukumbu mbovu humfanya mtu aruke dozi, dozi zikirukwa virusi hupanda na kuendelea kuuharibu ubongo uleule. Na mtu wa namna hiyo tulikuwa tukimfundisha asisahau.

Aliyelitambua ni tabibu kijana wa kituo kingine hapahapa mkoani, na alichotumia ni saa yake ya mkononi. Kipimo chake kilitengenezwa na watafiti wa Marekani na Uganda na kuchapishwa mwaka 2005, kwa ajili ya mahali ambapo hakuna mtaalamu wa akili wala vifaa. Alimwamkia mjomba, akamtajia maneno manne ayashike: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha akamwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, kwa upana na kwa haraka, kwa sekunde tano. Mjomba alianza vizuri, akapunguza mwendo kana kwamba vidole vimeingia kwenye tope. Likafuata zoezi la ngumi mezani, kiganja mezani, ubavu wa mkono mezani, mfululizo huo urudiwe kwa sekunde kumi; kila alipotakiwa kuweka ubavu aliuruka, akarudi kwenye ngumi. Mwisho akaulizwa yale maneno. Alisema mbwa, akasema kofia, akanyamaza, kisha akasema korosho. Tabibu akamdokezea kwamba ni mboga, mjomba akashikilia ni korosho, na tukacheka wote watatu. Alama kamili ni 12, na anayepata 10 au chini yake huchunguzwa zaidi. Hakufika 10.

Alama hizo peke yake si hukumu, na tabibu alilieleza hilo kwa uangalifu. Sonona, pombe, kaswende iliyofika kichwani, kiharusi kidogo kilichopita kimyakimya na upungufu wa vitamini B12 vyote huweza kumfanya mtu ashindwe. Mjomba alichunguzwa hayo yaliyowezekana kuchunguzwa, kisha zikafanywa hatua mbili za kawaida kabisa: binti yangu alikabidhiwa kopo ampe dawa kila siku baada ya chai, na jina langu likaandikwa kwenye kadi kuwa msindikizaji wake rasmi. Virusi vilishuka hadi chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu. Mwendo wake umetengemaa na hasira za ovyo zimepungua. Kumbukumbu imerudi nusu, na sitarajii irudi yote.

Yapo mambo ambayo kidonge hiki hakiyafanyi. Hakiwaondoi virusi waliolala ndani ya mikroglia. Kinawazuia wasizaane, basi, na ukikiacha hurejea ndani ya wiki chache. Mara chache hutokea pia kwamba damu iko safi lakini virusi vinazaana katika maji ya uti wa mgongo, hali iliyoripotiwa zaidi kwa watu walio kwenye miseto ya daraja la pili, wanayopewa walioshindwa na mseto wa kwanza, yenye dawa kama atazanaviri. Mtu wa namna hiyo huweza kupata kichwa kuuma, kutetemeka, kuyumba au kuchanganyikiwa, na karatasi yake ya majibu inasema yuko vizuri. Hugundulika kwa kuchota maji ya mgongo, na hutibiwa kwa kubadilisha mseto. Hapo zile alama za kupenya ubongoni zinapata kazi. Kichwa kinachouma kwa siku nyingi pamoja na homa, shingo ngumu au kuona maruweruwe ni habari nyingine tena, ya hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni homa ya uti wa mgongo ya fangasi au ya kifua kikuu. Kwa mwenye ile ya fangasi ambaye bado hajaanza ARV, kuzianza haraka huongeza hatari ya kifo, na waganga humngojesha wiki nne hadi sita akitibiwa fangasi kwanza.

Dawa inayofika kichwani huonekana pia kichwani. Efavirenzi ilinipa ndoto za kutisha na kizunguzungu cha asubuhi. Dolutegraviri ilininyima usingizi mwanzoni, nikahamishia kumeza asubuhi na tatizo likaisha. Hilo ni dogo. Linalostahili kuandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila kopo ni dawa zinazoinyang'anya dolutegraviri nguvu. Dawa za kifafa za aina ya fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, zinazotolewa hata kwenye zahanati za vijijini, huishusha mwilini, na mwenye kifafa ni lazima aseme ili mganga abadilishe dawa au apange dozi upya. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyohivyo, na mgonjwa huongezewa dolutegraviri ya pili kwa siku. Dawa za tumbo zenye magnesiamu au aluminiamu huishika isifyonzwe, kwa hiyo TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Katika miaka yote niliyosimama dirishani sijaulizwa natumia dawa gani nyingine, wala kama kuna mtu nyumbani amegundua kwamba nasahau. Kipimo cha mbwa na kofia hakimalizi hata dakika tano, hakihitaji umeme wala maabara, na kwa mteja aliyepandisha virusi kingefaa kutangulia kikao cha kwanza cha ushauri, kabla hajaandikwa mtoro.

Anayekwenda mashambani msimu wa korosho, na virusi vyake vimefubaa, aombe mapema dawa za miezi sita. Kituo chetu, katika hilo, hakijawahi kumkatalia mtu.