Chumba kilicho nyuma ya cherehani: huduma ya kuandikiwa simulizi mjini Kigoma

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa katika chumba kimoja nyuma ya duka la ushonaji, ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na kazi yake ni kuwasaidia manusura wa ukatili wa kingono kuandika yaliyowapata na kuyaweka mtandaoni bila majina yao kujulikana. Sitataja jina la kikundi wala mtaa. Wenyewe ndio walioniomba hivyo, na sababu yao ataielewa yeyote aliyekulia katika mji ambao watu wanajua binti wa nani amepita njia ipi: mwanamke akishaonekana anaingia humo, habari yake imetangazwa kabla hajafungua kinywa. Anayekihitaji chumba hicho huelekezwa kwa mdomo, kama nilivyoelekezwa mimi. Nilikwenda mara tatu, kwa jambo lililonipata nikiwa na miaka 19. Sasa nina 34.

Nianze na mlango, maana hapo ndipo wanapostahili sifa kubwa. Mbele kuna cherehani nne, na mlio wake hufunika sauti za ndani vizuri kuliko ukuta. Mwenye duka ni mama mtu mzima asiyemuuliza mtu amefuata nini; husema tu, "Pita, mwanangu," na unapotoka hukukabidhi kitambaa kilichokunjwa ili uonekane umetoka kushonesha. Siku ya kwanza niliondoka na vitenge viwili visivyo vyangu, nikavirudisha wiki iliyofuata.

Ndani, hawakimbilii kuandika. Dada anayepokea watu aliniuliza kwanza ni lini yalitokea, kisha akanieleza sababu ya swali hilo. Aliyefanyiwa ukatili siku hizi hupelekwa hospitali kwanza, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na baada ya hapo huulizwa kama yuko tayari kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, simulizi husubiri. Mwenye kesi mahakamani hawamchapishii chochote, kwa sababu wakili wa mshtakiwa anaweza kuyachukua maneno ya mtandaoni, akayalinganisha na ushahidi wa kizimbani, na kila tofauti ndogo akaiita uongo. Aliye chini ya miaka 18 hawamwandiki kabisa. Hupiga naye namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Nilipokwenda mara ya pili kuna msichana aliyekataliwa kwa sababu hiyo, na aliondoka akiwa ameshikwa mkono na mama wa cherehani mwenyewe.

Kazi ya kuandika ndiyo iliyonishangaza. Nilisimulia, dada akaandika kwa kalamu kwenye daftari, halafu akanisomea sentensi moja moja. Tulipofika kwenye tendo lenyewe nilikuwa nimesema "aliniharibu," neno nililolisikia kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Dada aliinua kalamu akauliza, "Dada, neno hili ndilo unalolitaka, au ndilo ulilopewa?" Sikuwa nimewahi kulitazama neno hilo kwa jicho hilo. Kuharibiwa ni sifa ya kitu: redio huharibika, mboga huharibika, na kilichoharibika hutupwa. "Alinichezea" inamwondolea mtendaji uzito wa alichofanya. "Kunajisiwa" inamwachia uchafu yule aliyetendewa. Tulikaa na sentensi hiyo karibu nusu saa, mwisho nikachagua "alinibaka," neno lililo kwenye sheria, ambalo mtenda wake yupo mwanzoni kabisa. Aliliandika, akageuza daftari ili nilione likiwa limeandikwa.

Sehemu iliyofuata sikuipenda, ingawa naikubali. Hufuta kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Nilikuwa nimetaja gati la boti, gunia la dagaa nililokuwa nimelikalia, na duka la mawese ambamo mtu yule alikuwa akiuza. Vyote vilikatwa, kwa hoja kwamba wauzaji wa mawese mahali pale wakati ule walikuwa wanahesabika, na kwamba anayetajwa hata kwa dalili anaweza kushtaki kwa kuchafuliwa jina. Hoja ni ya kweli. Lakini simulizi iliyobaki ilisomeka kama jambo lililotokea mahali popote, kwa mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kusema kwamba lilitokea hapa. Nadhani wangeweza kuacha harufu ya dagaa. Mwambao huu wote unanuka dagaa, haimtambulishi mtu.

Kosa lao kubwa lilitokea baada ya kuchapisha. Waliambatanisha picha ya msichana aliyejikunyata pembeni akilia, picha ambayo hawakunionyesha, na ambayo haikufanana hata kidogo na mwanamke aliyekuwa amekaa nusu saa akichagua neno. Wakaacha maoni wazi. La tatu kusomeka lilikuwa "Miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri nini?" na chini yake watu wakaanza kukisia mtaa. Kufikia jioni ile simulizi ilikuwa imepigwa picha na kuzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, likiwemo la ukoo wetu, ambamo shangazi yangu aliandika tu, "Dunia imeharibika." Neno lile lile.

Niliomba ifutwe siku ya Ijumaa. Ilifutwa Jumatatu, kwa sababu mtu pekee mwenye nywila alikuwa amesafiri kwenda Kasulu na simu yake haikupatikana. Kikundi kinachomwambia mtu "simulizi ni yako" hakiwezi kumweka siku tatu akiomba kurudishiwa. Waliomba radhi bila kujitetea, na sasa nywila wanayo watu wawili na maoni hufungwa tangu mwanzo. Picha zilizokwisha kusambaa, bila shaka, hakuna wa kuzirudisha, na jambo hilo nilipaswa kuambiwa kabla, wala si baada.

Wengi hudhani manusura walianza kusema "Mimi pia" (#MeToo) Oktoba 2017, pale maneno hayo yalipoenea mitandaoni kutoka Marekani. Tarana Burke, mwanaharakati wa huko Marekani, alikuwa ameanza kuyatumia mwaka 2006, katika kazi yake na wasichana waliodhulumiwa, muda mrefu kabla ya maneno hayo kupata umaarufu. Kwa maoni yangu chumba hiki kinaijua vizuri kazi ya namna ile ya 2006, na bado kinajifunza ya 2017. Sehemu ya kuketi na kuandika naipa nyota tano. Sehemu ya kuchapisha naipa mbili, hata baada ya marekebisho. Huduma yote ni bure.

Mara ya tatu nilikwenda kuandika upya. Tuliirudisha harufu ya dagaa, baada ya ubishi mfupi ambao nilishinda. Dada aliuliza kama aipakie mtandaoni, nikasema bado, naye akalichana daftari kwenye mshono, taratibu, akanikabidhi kurasa zangu sita. Nilitoka nazo zikiwa ndani ya kitambaa, na safari hii kitambaa kilikuwa changu.