Risk barazani kwetu: ramani tamu, ila Australia imependelewa

Boksi la Risk, mchezo wa ubao wa kuteka dunia kwa vikosi na dadu, alilileta binamu yangu kutoka Maskati, na Ramadhani iliyopita tulilicheza karibu kila usiku barazani kwetu Mji Mkongwe, toka tarawehe mpaka daku. Sasa naweza kusema langu, na langu ni la ramani. Na dadu sina ugomvi.

Mchezo huu wa mwaka 1957 aliubuni Mfaransa Albert Lamorisse, mtu wa filamu, na kweli ubao wapendeza macho. Dunia imekatwa vipande 42 katika mabara 6. Afrika nzima imepewa vipande 6 tu. Madagaska imo, Unguja na Pemba hazimo. Mjomba alichungulia akasema, "Basi sisi hatupigwi," akarudi kwenye kahawa yake.

Tatizo ni Australia. Ina vipande 4 na mlango mmoja tu, ule wa Indonesia kutokea Siam, kipande cha Asia. Ukiishika, kila zamu unapata vikosi 2 vya ziada, nawe unalinda mlango huo tu. Sasa tazama aliyeshika Afrika: anapewa 3, lakini ana milango mitatu. Afrika Kaskazini inaingiliwa kutoka Brazil na Ulaya, Misri inaingiliwa kutoka Ulaya na Mashariki ya Kati, na Afrika Mashariki nayo imepakana na Mashariki ya Kati hiyo hiyo. Mimi nimeishika Afrika mara nyingi, kwa mapenzi tu, na sijawahi kukaa nayo zamu tatu.

Mzee mmoja bingwa wa bao alinipinga. Kwake mlango mmoja ni jela: jaza vikosi Siam, mwenye Australia hatoki. Tukajaribu, na kweli hakutoka. Lakini nani akubali kukaa Siam? Mgongoni una India na China, na kila kikosi unachokiweka pale kinakosekana kwengine. Unamlinda jirani kwa gharama yako, wengine wanakula Amerika raha mustarehe. Kwenye bao, yakhe, kila mtu ana mashimo yake 16 na nyumba yake moja. Ukifungwa, umefungwa kwa akili.

Kitu kimoja nakisifu: mstari unaounganisha Alaska ya Amerika na Kamchatka ya Asia. Unaishia ukingoni upande huu na kuibukia upande wa pili, na mgeni hauoni mpaka apigwe. Mdogo wangu kapigwa hapo mara tatu, na bado huacha kikosi kimoja Alaska.

Ukiununua, tengeni usiku mzima, na msicheze wawili. Raha yake inaanzia watu wanne. Sisi siku hizi tumekubaliana Australia ilipe kikosi 1 badala ya 2. Binamu bado anaikimbilia.