Uzoefu wangu: siku tano Jambiani katikati ya masika

Mimi ni mhasibu, na mhasibu wa serikali haombi likizo Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, Julai vitabu vipya vinafunguliwa, kwa hiyo likizo yangu ni Mei au basi. Miaka mingi Mei hiyo niliimalizia nyumbani Morogoro, maana kila niliyemtajia Zanzibar aliniambia masika ni kutupa hela: mvua, matope, hoteli zimefungwa. Mwaka 2025 niliamua kwenda hivyo hivyo, na mama yangu nikamchukua. Tulikaa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia tarehe 10 hadi 15 Mei. Nitaeleza la raha na la karaha, kwa sababu yote mawili tuliyapata.

Nianze na nyumba. Jina silitaji. Ni ndogo, vyumba vinane, paa la makuti, hatua chache tu kutoka mchangani. Julai na Agosti chumba cha watu wawili pamoja na kifungua kinywa wanauza shilingi 130,000 kwa usiku. Sisi tulilipa 60,000. Chumba kilikuwa kisafi, kitanda cha samadari, chandarua kizima bila tundu hata moja, na maji ya bomba yana nguvu. Kwa bei hiyo, mbele ya bahari, sikuwa na la kusema.

Lakini tangazo lao lilionesha bwawa la kuogelea na mgahawa unaopika hadi saa nne usiku. Tulipofika bwawa lilikuwa kavu na fundi yumo ndani anabandua vigae. Jiko nalo baada ya kifungua kinywa linafungwa, kwa sababu mpishi ameambiwa apumzike hadi katikati ya Juni. Hakuna aliyetuambia, na nilikuwa nimewasiliana nao kwa WhatsApp mara mbili kabla ya kulipa. Mama yangu ana kisukari. Hawezi kukaa na njaa nikizunguka kijiji kizima gizani kuulizia chakula. Usiku ule wa kwanza alikula mkate na ndizi tulizonunua mjini tukiwa njiani. Hilo liliniuma kuliko jambo lolote la safari ile, na ndilo lililoondoa nyota mbili kwenye alama niliyowapa. Asubuhi nilimpigia simu mwenye nyumba. Aliomba radhi bila kubishana, akaturudishia pesa ya usiku mmoja.

Sina ugomvi na hoteli kufanya matengenezo Aprili na Mei. Ndio wakati wake: makuti yanaezekwa upya, kuta zinapakwa rangi, pampu zinafunguliwa. Kosa ni kuchukua pesa ya mgeni ukiwa na picha za Agosti kwenye tangazo. Ukitaka kwenda msimu huu usiulize "mpo wazi?", watakujibu wapo. Uliza mpishi yupo au ameondoka, chakula cha jioni kinapikwa au hakipikwi, bwawa lina maji leo. Uliza na jenereta. Umeme ulikatika mara mbili tukiwa pale, na jenereta haikuwashwa kwa ajili ya wageni wawili. Insulini ya mama tuliibeba kwenye kikoba chake cha baridi, la sivyo ningekuwa na hadithi nyingine hapa.

Swali jingine ni la paa, nalo nilijifunza usiku wa pili. Mvua ilishuka kama saa nane. Kwanza nilisikia mvumo tu juu ya makuti, sauti nzuri ya kulalia. Kisha tone likagonga chandarua, likakaa pale linang'aa, likapenya, likanidondokea kwenye kifundo cha mguu. Likaja la pili. Kijana wa mapokezi alikuja na ndoo na tochi, akatutazama, akasema, "Mama, shikamoo, samahani sana, hameni huku," akatupeleka chumba cha mwisho ambacho makuti yake yalikuwa yamewekwa Machi. Bado yalikuwa ya rangi ya kahawia hafifu, yananukia mnazi mkavu. Hakikuingia hata unyevu hadi tunaondoka. Siku hizi nikiingia chumba cha makuti nalala chali mchana kweupe na kutazama juu. Ukiona vitundu vya mwanga kama nyota, hapo ndipo maji yatapita. Omba chumba kingine kabla hujafungua begi.

Mvua yenyewe sasa. Katika siku tano, moja tu ilinyesha toka asubuhi hadi magharibi. Nyingine zilinyesha alfajiri, au zikaja alasiri kwa nusu saa, zikaondoka. Aprili ni nzito zaidi, na huo mwezi sikuupitia mwenyewe. Joto la Februari lile la kukosesha mtu usingizi halikuwepo, na usiku mama alijifunika kanga mbili.

Kilichotawala siku zetu hakikuwa mvua. Kilikuwa maji kujaa na kupwa, na hili laiti ningelijua nikiwa bado Morogoro. Pale Jambiani bahari ikipwa inakimbia zaidi ya kilomita moja hadi karibu na mwamba, unabaki na mchanga, madimbwi na ngalawa zilizolala ubavu. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua. Maji yanapwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Juma moja baadaye ni maji mafu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi maji yapo, ingawa hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo anayetaka kuogelea asubuhi asubiri maji mafu. Anayetaka kutembea chini ya bahari na kuona watu wa pwani wakiwa kazini, aende bamvua. Kalenda ya hoteli ina misimu miwili tu, ya bei juu na ya bei chini. Kalenda ya kijiji inafuata mwezi, masika na kiangazi, na wewe mgeni utaifuata hiyo utake usitake.

Sisi ilikuwa bahati tu. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12, kwa hiyo bamvua ilitukuta pale pale.

Asubuhi ya tarehe 13 kinamama walikuwa wanarudi kutoka mashamba ya mwani, viroba vichwani, maji yanawachuruzika mgongoni. Kilimo hiki kilianza kibiashara huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Vigingi viwili, kamba katikati, vishada vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa vikamba vidogo, baada ya kama wiki sita vinavunwa. Nje ya ukuta wa nyumba yetu walikuwa wametandaza turubai mbili, moja ina mwani mbichi wa jana, nyingine ya mwani uliokaribia kukauka, umesinyaa, una chembe za chumvi nyeupe. Tulikuwa tumekaa kibarazani na chai. Wingu likatoka kusini, jeusi, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona bara. Bibi mmoja akatupa kiroba chini na kupiga kelele, "Dada, hebu shika ncha hiyo!"

Dada ni mama yangu. Alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini akakimbia, na mama yangu hakimbii, magoti yake hayamruhusu, akashika ncha ya turubai, wakaikunja juu ya mwani kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja miaka yote. Mimi nikashika ile nyingine. Tulipomaliza kuweka mawe pembeni tulikuwa tumelowa hadi mifupani. Mwani ukinyeshewa ukiwa unakauka unapauka na bei inaanguka, kwa hiyo masika kwa wao si mapumziko, ni miezi ya kuiba jua. Bibi yule alimshika mama mabega yote mawili akasema, "Ahsante, dada yangu. Ingekuwa hasara ya wiki." Kesho yake alfajiri alimpitia. Mama alivaa viatu vyangu vya plastiki kwa ajili ya miiba, akaenda naye shambani, akafunga mbegu hadi maji yalipoanza kurudi. Anaongelea asubuhi ile hadi leo.

Chakula nacho tulikipata kupitia kwao. Masika hakuna anayepika kwa kubahatisha kwamba wageni watatokea, kwa hiyo unaagiza asubuhi unakula jioni. Binti wa yule bibi alitupikia siku zote zilizobaki. Bamvua ndio wakati kinamama wanatoka na vijiti kwenye mwamba kutafuta pweza, kwa hiyo tulikula pweza wa nazi siku mbili mfululizo, laini, na wali ambao mama alikula kidogo na mchicha mwingi. Shilingi 8,000 kwa mtu. Samaki wa nje ya mwamba walikuwa adimu kwa sababu kusi, upepo wa kutoka kusini, lilishaanza na vyombo vidogo havitoki mbali.

Kuhusu kusi, nimsifu nahodha mmoja bila kumtaja. Jumapili nilimwomba atupeleke kwa ngalawa, pesa ninayo mkononi na yeye hajapata mteja siku nyingi. Alitazama mwambani, ambako mawimbi yalikuwa yanavunja meupe mfululizo, akanirudishia noti. "Leo siwapeleki. Mama mtu mzima huyu. Njooni Jumatano." Jumatano bahari ilitulia, alitupeleka ndani ya mwamba saa mbili nzima kwa 30,000 sote wawili. Mtu anayekataa pesa Mei, mwezi wa ukata kuliko yote kwake, huyo unaweza kumkabidhi mzazi wako.

Siku ile ya mvua ya kutwa tulichukua gari hadi Kizimkazi Dimbani kuona msikiti wa kale, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hapakuwa na mgeni mwingine. Mzee aliyetufungulia hakuwa na haraka, mama alikaa ndani akisikiliza mvua juu ya bati. Msitu wa Jozani tuliuacha, njia zilikuwa na maji.

Kuna jambo nililigundua usiku wa tatu na halijanitoka. Kijana wa mapokezi ndiye aliyekuwa anafagia, anatandika, anapika mayai asubuhi na kulinda usiku. Nilimuuliza wenzake wako wapi. Walikuwa kumi na mmoja, wamebaki wawili, wengine wamerudi makwao hadi Juni, bila mshahara. Ile 70,000 niliyopunguziwa nilikuwa nimeihesabu kama ushindi wangu. Kuanzia hapo bei ya chumba niliendelea kuiona halali kujadili, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kukataa. Lakini kwa mpishi, kwa nahodha, kwa dereva wa bodaboda sikuomba kupunguziwa hata shilingi, na kijana yule tulimwachia sawa na usiku mmoja wa chumba. Nawaomba wanaokwenda miezi hii wafanye vivyo hivyo. Mtu ambaye hajauza wiki nzima atakubali bei yoyote utakayomtajia, na si kwamba inamtosha.

Usafiri haraka haraka. Boti ya kwenda kutoka Dar ilituchukua kama saa mbili, yenye nafasi tele, na kwa kitambulisho cha NIDA unalipa kwa shilingi bei ya mkazi. Kutoka mjini kuna daladala namba 309 hadi Jambiani, ila kwa ajili ya mama tulikodi teksi. Kurudi ndiko kulikotutesa. Wakati wa kwenda kusi linakusukuma, wakati wa kurudi Dar unakwenda nalo uso kwa uso, na wahudumu walipita na mifuko tangu dakika ya ishirini. Kaeni chini, nyuma, mle kidogo. Msipange kurudi siku moja kabla ya kuripoti kazini, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo na mawimbi boti zinaweza kusitishwa.

Kama unataka muziki wa ufukweni usiku, au tiara za kuteleza majini za Paje zinazohitaji upepo wa uhakika, Mei itakukatisha tamaa. Baa nyingi zilikuwa na viti vimepinduliwa juu ya meza.

Nyumba naipa nyota tatu kati ya tano. Safari yenyewe naipa tano. Kijana wa mapokezi alinitumia picha mwezi uliofuata: vyumba vyote vinane vimeezekwa upya, na mpishi amerudi. Mei 2026 mwezi mpevu ni tarehe 1 na 31, lakini mwezi mwandamo unaangukia tarehe 16, kwa hiyo bamvua itakuwa katikati ya mwezi. Nimeshaomba likizo kuanzia tarehe 15. Mama ameshanunua viatu vyake mwenyewe vya plastiki, na jozi moja zaidi ya kumpelekea dada yake.